Miaka ya Ba Bila Wali

Sisi tuliokulia Saint-Gilles, mtaa wa wahamiaji huku ughaibuni, wakati simu ya nyumbani ilikuwa bado na waya, siku yetu ilikuwa Jumatano. Shule ilifungwa saa sita, na mchana wote uliobaki ulikuwa wetu: tukiruka kamba ya mpira mlangoni, tukigombana, kisha tukipanda ngazi za jumba letu huku tukinusa kila mlango kujua nani anapika nini. Ghorofa ya pili ilinuka samaki na kitunguu saumu. Ya tatu, kwetu, ilinukia udi na bizari. Wenzangu waliniuliza mimi ni nani hasa, maana nilikuwa na sura ya Kihindi, karatasi za mkimbizi wa Burundi na Kiswahili cha Buyenzi, mtaa wa Bujumbura. Niliwajibu kwamba nina njaa.

Bibi yangu, mama yake Papa, yaani baba yangu, tulimwita Ba, ndivyo Wagujarati waitavyo bibi. Alizaliwa Bujumbura, nyuma ya duka la baba yake, na India hakuwahi kuiona. Mungu alimwomba kwa Kigujarati, sisi alitugombeza kwa Kiswahili. Kila Jumapili alitupeleka hekaluni, yaani ukumbi wa kukodi juu ya bohari la vitambaa karibu na stesheni ya Gare du Midi, viatu vimerundikana mlangoni na zulia lina baridi ya kufa mtu. Wahindi waliotoka India kwenyewe walimshangaa bikizee mwenye sari, koti zito na soksi za sufu, akiwakemea wajukuu: "Mukae chini! Musinitie haya mbele ya Bwana!"

Na Ba hakula wali. Sisi nyumbani tulikula, tena mwingi, na yeye ndiye aliyeupika, lakini hata kuonja chumvi aliniachia mimi. Sababu tuliijua wote. Wakati wa vita kule Burundi, Papa alipotea siku kumi na moja. Ba akaweka nadhiri: mwanangu akirudi mzima, nitakwenda Dwarka, mji wa hija ulioko India, nikapande ngazi za hekalu la Bwana Krishna kwa miguu yangu mwenyewe, na mpaka siku hiyo wali hautagusa ulimi wangu, wala chochote cha mchele. Papa akarudi, amekonda, na kiatu kimoja. Ahadi ni deni, lakini mtu asiye na pasipoti atahiji Dwarka kwa njia gani? Tukawa tunangoja karatasi, na Ba akawa anakula mkate na ugali. Huku magoti yake yakizidi kuuma.

Sasa, ghorofa ya pili aliishi Maman Béa, Mlubumbashi, mwimbaji wa kanisani, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Jumatano alikaanga mikate, yale maandazi madogo ya mviringo ya Wakongo, na sahani moja ilikuwa ya Ba. Ni ngano tupu, kwa hiyo Ba alikula kwa raha zake. Jumatano moja, nilipokuwa na miaka tisa, unga ulimpungukia Maman Béa. "Kimbia ku magazin, ulete farine, un kilo," akaniambia. "Na usibakie mu njia!" Nilibaki njiani, bila shaka. Nilipokumbuka, nikaingia dukani mbio, nikanyakua pakiti nyeupe ya kwanza iliyokuwa mbele yangu. Maman Béa, macho kwenye televisheni, aliimimina yote bakulini juu ya ngano iliyobaki.

Sahani ilikwishapelekwa juu nilipookota pakiti ile ili niitupe. Ulikuwa unga wa mchele. Nilipanda ngazi mbilimbili. Nikamkuta Ba anamaliza wa tatu, anafuta vidole. "Leo Béa ameweza," akasema. "Inakauka vizuri." Nikachukua sahani tupu, nikashuka nayo.

Mtoto wa leo angeuliza simu yake nadhiri iliyovunjwa inafanya nini. Mimi sikuwa na wa kumuuliza, kwa hiyo nilijijibu mwenyewe: Papa atachukuliwa. Papa alikuwa fundi wa lifti katika majumba marefu ya Berchem-Sainte-Agathe. Kila jioni nilisimama dirishani mpaka nione kofia yake ikikata kona. Maman, mama yangu mzazi, alidhani ni mapenzi. Ilikuwa hofu, na nilikaa nayo miaka minne.

Karatasi zilipotoka, Papa alikata tiketi. Maman Béa alimfunga Ba magoti kwa bandeji na kumwambia, "Mama, muombee na miye kule. Mungu iko moja, ni milango njo iko mingi." Siku tatu baadaye tulikuwa Dwarka, Ba, Papa na mimi. Mahujaji huoga kwanza mtoni, kisha hupanda ngazi hamsini na sita mpaka lango la hekalu. Ba alipanda akishika bega langu, mguu mmoja, kisha wa pili, kisha pumzi. Kwenye ngazi ya arobaini hivi aliketi. Juu yetu bendera kubwa ilikuwa inapigapiga kileleni, naye alikuwa anaitazama akitabasamu kama bi harusi. Nikashindwa kujizuia.

"Ba, ulishakula muchele."

"Lini?"

Nikamweleza yote: njia, pakiti, mkate wa tatu. "Nilijua, Ba. Nikanyamaza."

Papa akasema upesi, "Mama, si kitu. Alikuwa mutoto."

"Kwako si kitu," Ba akamjibu. "Niliahidi kwa ajili yako." Akanyanyuka, akageuka kuelekea mtoni. "Tunashuka. Tunaoga tena."

Papa alitaka kumbeba, akapigwa kofi mkononi. Ngazi arobaini Ba alizishuka akiuma midomo, nami chini ya kiganja chake nikilia kwa aibu. Mtoni alijimwagia maji, akanimwagia na mimi, akanipangusa uso kwa ncha ya sari. "Miaka minne umebeba hii peke yako," akasema. "Mujinga wangu." Tukaanza kupanda upya. Tulipofika juu, milango ilikuwa imefungwa kwa mapumziko ya mchana, tukangoja kwa saa nne kwenye kivuli cha ukuta. Jioni Ba alisimama mbele ya Bwana wake kwa muda usiozidi dakika moja, maana umati ulisukuma. Kisha, kwenye ukumbi wa mahujaji, alikula wali na dengu kwa mkono, taratibu, machozi yakidondokea sahanini. Papa alikaa mbele yake, hakugusa chake, akamtazama mpaka akamaliza.

Ba hayupo tena. Binti yangu ana miaka mitano, na hekalu lile analiona akitaka: tunakaa mkahawani Flagey, anagusa simu yangu, mara taa za ibada hizo hapo, moja kwa moja kutoka Dwarka, huku anakunywa chokoleti. Hivi karibuni nilimsimulia nadhiri ya Ba, nikamuuliza yeye angeacha kula nini.

"Brokoli," akasema, bila hata kuinua macho.

Nilicheka mpaka watu wakageuka. Halafu nikatafuta jibu langu mwenyewe, maana mtoto alisharudisha swali: "Na wewe, maman?" Tangu Ba atutoke sijaahidi kitu chochote ambacho kukitimiza kungeniuma.