Ndengu za Mvua

Wacha nianze kwa kuungama ujinga wangu, ili mkishacheka tuendelee. Baada ya kumzika mama mwaka jana niliiteremsha kayamba yake kutoka darini. Ni mabua tu yaliyofumwa bapa, kama kitabu kikubwa chenye uwazi katikati, na ilikuwa tupu miaka yote, haina sauti. Nikafumua nyuzi za upande mmoja, nikatia nusu kilo ya ndengu nilizonunua Matiliku siku ya soko, nikaishona, nikaitundika sebuleni iwe ukumbusho. Mimi mkulima, binti wa mkulima, mwenye cheti cha kidato cha nne chenye alama nzuri ya somo la kilimo, nilisahau kwamba ndengu zisizotiwa dawa wala majivu ni karamu ya fukusi.

Siku ya kuadhimisha mwaka mmoja tangu mama afariki nikaitungua mbele ya wageni niwaonyeshe wajukuu wa mdogo wangu Mwende jinsi mama wa nyanya yao alivyokuwa akiicheza. Nikaitikisa. Ikatoa sauti kama mtu anayepuliza chai, kisha unga. Mtoto mmoja akapiga chafya mara nne. Mama Zuhura, jirani yetu, mzaliwa wa Kitui mjini aliyeletwa hapa Sultan Hamud na mumewe muuza nguo, na ambaye amekuwa akinikosoa tangu nikiwa na miaka tisa, alijifunika uso kwa mtandio akacheka mpaka akakohoa.

Mimi sikucheka. Ule unga ulikuwa na harufu kavu, chachu kidogo, harufu ya ndani ya gunia, na kabla haujatua sakafuni nilikuwa nimerudi katika behewa la daraja la tatu, nimempakata Mwende, na mdomo wangu umejaa ndengu mbichi.

Watu hunitania kwamba mimi ni mwanamke wa kukaa nyumbani. Ni kweli. Emali tu, hapo karibu, naenda nikilazimika, na nikifika naanza kuulizia gari la kurudi. Lakini msidhani sikusafiri. Nilisafiri kabla meno yangu ya utoto hayajaisha kung'oka, nikamaliza.

Mwaka ule nilipokuwa na miaka tisa, mvua ilikataa mara mbili mfululizo. Jina langu ni Mumbua, yaani aliyezaliwa mvua ikinyesha, na kila nilipopita sokoni kulikuwa na mtu wa kuniuliza nimeiacha wapi. Mwanzoni walisema wakicheka. Baadaye waliuliza bila kucheka, nami nikaanza kupita njia ya nyuma.

Baba alikuwa mpiga gitaa. Usiku alipiga kwenye vilabu vya hapa mjini, mchana alilala, na shamba letu la ng'ambo ya reli lilikuwa la mama. Njaa ilipokaza, vilabu vilikuwa vya kwanza kunyamaza. Ndipo baba akapata wazo la treni ya mchana, ile ya kusimamasimama. Watu wa treni, alisema, wametoka mahali kwenye chakula na wanaenda mahali kwenye chakula. Tukapanda sote: baba na gitaa lake, mama na kayamba, mimi na Mwende mgongoni. Mwende alikuwa na mwaka na nusu hivi, na shingo nyembamba kuliko mkono wangu.

Tulipanda asubuhi, tukashuka Makindu, tukarudi na ya jioni. Baba aliwaimbia wanaume nyimbo za mapenzi. Tukifika kwenye akina mama na vikapu vyao, mama alimgusa baba kiwiko, wakageuka kuwa watu wa kanisa papo hapo. Nilikuwa nikiona aibu jinsi baba alivyobadilisha uso haraka. Mimi nilipita na kikombe. Wengine walitia senti, wengine nusu kiazi, na mama mmoja alinipa maganda ya chungwa kwa heshima zote, nikamshukuru, tukayala.

Mkaguzi wa tiketi alizipenda zile nyimbo za mapenzi, kwa hiyo hakutuuliza tiketi. Lakini alikuwa na sharti moja: mtoto asilie. Abiria wakilalamika kelele, tunashuka stesheni inayofuata. Na stesheni inayofuata huenda ikawa nyumba moja, tangi la maji na jua. Tulishushwa hivyo mara moja, kwenye stesheni ya Simba, tukakaa siku nzima bila kitu. Kuanzia hapo kazi yangu ilikuwa moja tu, Mwende asilie.

Sasa kuhusu ndengu. Mama alikuwa amebakisha ndengu za kupanda, bakuli moja hivi. Mara ya kwanza alizificha kwenye chungu, baba akazipata, akabadilisha sehemu yake kwa nyuzi za gitaa. Nyumba yenye njaa haina mahali pa kuficha kitu. Siku moja nikamkuta nyuma ya nyumba ameifumua kayamba. Amemwaga zile mbegu ngumu za porini zilizokuwa zikilia ndani yake, na anatia ndengu, moja moja, amezipaka majivu ya maganda ya maharagwe zisiliwe na wadudu. Aliponiona hakushtuka.

"Hizi ni za mvua, Mumbua," akasema. "Si za tumbo. Na hukuona kitu."

Nikasema sikuona kitu. Kwa hiyo tulipita katika mabehewa ya watu wenye njaa na wenye shibe tukitikisa chakula mbele ya nyuso zao, na hakuna aliyejua, hata baba. Mimi nilijua. Kwa mtoto wa miaka tisa hilo ni jambo baya sana kulijua. Wengine walisikia muziki. Mimi nilisikia ndengu.

Wizi wangu ulianza siku moja treni ilipopita Emali. Mwende alikuwa akilia kile kilio kisicho na machozi, na mkaguzi alikuwa ameshatuangalia mara mbili. Mama alikuwa ameniachia kayamba akafunge leso yake. Kwenye kona moja bua lilikuwa limepasuka. Nikaingiza mwiba, nikaupanua ufa, nikainamisha. Zikatoka tatu. Nikazitafuna mpaka zikawa uji, nikamtemea Mwende mdomoni kama ndege. Akanyamaza. Ladha yake ilikuwa ya majivu.

Siku iliyofuata nikatoa sita. Sitawadanganya, kila nilipompa Mwende nilimeza moja au mbili njiani, kama ushuru. Kayamba ilipoanza kupungua sauti nikaogopa, na tulipokuwa Makindu tukisubiri treni ya kurudi nikaokota kokoto ndogo kando ya reli, za ukubwa uleule, nikazitia kwa ule ufa. Nikaziba na nta. Nikajiona mjanja wa kupindukia.

Baba ndiye aliyesema kwanza. Alisimamisha gitaa katikati ya wimbo, akaitazama kayamba mkononi mwa mama. "Hiyo kitu iko na mafua," akasema, na abiria wakacheka. Mama akasema ni vumbi la njiani. Akaendelea kuimba. Jioni ile, kama jioni nyingine zote, alimpangusa Mwende midomo kwa ncha ya leso, akaitazama ile ncha, akaikunja.

Kisha kukawa na yule mama aliyepanda na mtoto amefungwa kitenge chote, kichwa na miguu. Alikaa dirishani peke yake. Mama alipofika na nyimbo za sifa, yule mama akamwomba, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba maji, amwimbie mtoto wake kitu kisicho cha kushangilia. Baba akashusha gitaa. Mama akaimba polepole wimbo wa kubembeleza, ule aliokuwa akimwimbia Mwende. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kikombe changu. Behewa likatikisika kwenye daraja, kitenge kikafunuka kidogo, mguu wa mtoto ukanigusa mkono. Ulikuwa baridi kama bati la asubuhi.

Nikamtazama mama. Alikuwa ameuona. Hakukatiza wimbo. Aliumaliza, akaurudia tena wote, na yule mama akasema asante, anampeleka nyumbani, na kwamba kwenye lori wangekataa kumbeba wakijua. Akatia kitu katika kikombe changu. Mama akakitoa, akamrudishia, akambana vidole juu yake.

Siku hiyo tukiwa kwenye kiti cha nyuma mama aliniwekea kayamba mapajani. "Kuanzia leo utaishika wewe," akasema. "Wewe na mtoto kaeni hapa. Mimi naimba na mikono mitupu."

Nilidhani nimepandishwa cheo. Nilidhani ametambua kipaji changu! Nikaitikisa kwa bidii, vibaya sana, na kati ya wimbo na wimbo, nikiwa nimegeukia dirisha, nilitoa ndengu na kutia mawe. Kwa wiki kadhaa nilikuwa mwizi mwenye nafasi ya kazi. Mwende hakulia tena. Shingo yake haikunenepa, lakini kichwa kilisimama.

Halafu mvua ikaja. Ilikuja mchana, na harufu ya udongo ikaingia nyumbani kabla ya maji. Watu walitoka barabarani wakasimama tu ndani yake. Majirani walipiga kelele za furaha wakiita jina langu. Mimi nilikuwa uvunguni mwa kitanda.

Kesho yake mama aliichukua kayamba, akaenda nayo shambani. Baba alikuwa amechimba mashimo tangu alfajiri, mistari mizuri iliyonyooka; ilikuwa mara ya kwanza kumwona akishika jembe kwa hiari. Mama alikuwa amemwambia jana yake kwamba mbegu zipo. Akakata nyuzi kwa kisu, akamimina kwenye uteo, ungo wake mdogo wa kupepetea. Mawe ya reli yalitoa sauti yao. Katikati yake mlikuwa na ndengu kumi na moja.

Baba aliinamia uteo. Kisha akauliza ziko wapi.

"Nilizipika," mama akasema. "Tulizila, baba Mumbua. Wewe pia ulikula."

Alikuwa hajapika ndengu tangu mwaka uliopita, na baba alijua. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao. Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwepo, ulimi ulikuwepo. Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Baba akauliza, bila kupandisha sauti, ni mke gani huyu anayeficha chakula, anakipika kwa siri, kisha anamchimbisha mume wake mashimo ya mawe. Baba akaweka jembe chini taratibu, kama kitu cha kuazima.

Siku ya tatu alipanda treni na gitaa. Alisema anaenda Voi kutafuta kazi ya muziki mpaka watu wavune. Hatukumwona tena. Miaka mingi baadaye tulisikia amekufa na amezikwa huko na watu wa kanisa, na hakuna aliyeweza kutuonyesha mahali.

Mama alipanda zile kumi na moja. Saba ziliota. Mvua ilikuwa nzuri ajabu msimu ule. Pande zote mbili za shamba letu kulikuwa kijani, na katikati sisi na mashimo ya baba yaliyojaa maji, vyura ndani. Mama alienda kulima vibarua kwenye mashamba ya wengine, analipwa kwa kisonzo cha mahindi, kile kipimo cha sokoni. Mgongo wake ulipinda msimu ule na haukunyooka. Na hakuimba tena. Kanisani alisimama pamoja na wenzake, akafungua mdomo pale wanapofungua, lakini mimi niliyesimama ubavuni pake nilijua hakuna kitu kinachotoka.

Nilimaliza shule, nikakataa kwenda popote. Nilikaa na mama miaka arobaini na zaidi. Nilimpikia, nilimkanda huo mgongo. Kila mwaka nilijiambia nitamwambia wakati wa kupanda, kisha wakati wa kuvuna, kisha Krismasi. Alipolazwa mara ya mwisho nilifika mpaka "Mama, zile ndengu", akanikatiza akisema ana kiu. Nikaenda kuleta maji, na niliporudi, kwa uoga wangu, nikashukuru kwamba amelala.

Ndiyo maana ule unga ulipomwagika sebuleni sikucheka na wengine. Wageni walipoondoka Mama Zuhura alibaki, kwa kuwa yeye haondoki mpaka chai iishe, na nikajikuta namweleza yote: mwiba, mawe, uvungu wa kitanda. Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyemfukuza baba na kumnyamazisha mama, na kwamba sasa nimeshindwa hata kumtunzia kayamba yake. Nilisema mengi. Nadhani nililia pia, kwa sauti isiyopendeza.

Alinisikiliza mpaka mwisho akichovya mkate. Halafu akaweka kikombe chini, akasema:

"Umemaliza? Mama yako alishika kayamba tangu yuko msichana, akose kujua mawe? Aliniambia mwenyewe akinilimia shamba. Aliona majivu kwenye mdomo wa mtoto, akakupa kayamba ushike, akitumaini zitabaki za kupanda. Kuimba aliacha mkishaacha treni, sababu ya huyo mtoto wa ndani ya kitenge, si sababu yako. Hukumwibia, Mumbua, ulilishwa. Sasa hizo ndengu zako mbovu kamwagie kuku."