Nukta Tatu za Saidi

Harufu ya tyubu ya tairi ikichomwa haimpendezi mtu, lakini mimi ikinipata husimama nikaivuta kama aliyepita karibu na jiko la pilau. Juzi ilinipata Bombolulu, kwa fundi wa pancha, nikingoja baiskeli yangu. Nilikuwa nimeinamia simu, nasoma mabishano ya watu wa nchi za mbali kuhusu bunduki za kuwindia: kiwanda kimoja kimeziunda kwa mkataba, kampuni nyingine imezipiga chapa yake. Je, kwa haki ni za nani? Walikuwa wakitukanana hasa. Nikacheka peke yangu mpaka fundi akanitazama. Kesi hiyo niliwahi kuisimamia nikiwa na miaka kumi, hapa hapa Kisauni, na silaha zenyewe zilikuwa manati.

Wakati ule kunguru ndio waliokuwa serikali ya mtaa wetu. Waliiba samaki jikoni, waliiba sabuni, na kila kuku wa nyanya yangu alipototoa vifaranga, walishuka mmoja mmoja kuchukua kodi. Kwa hiyo kila mtoto alitaka manati, na si manati yoyote, bali ya Saidi. Saidi alikuwa na miaka kumi na miwili, na baba yake alikuwa fundi wa pancha, hivyo mipira ya tyubu ya kufungia manati haikumwishia. Kwenye mpini wa kila manati palikuwa na nukta tatu zilizochomwa kwa msumari wa moto, na sisi tuliapa kwamba nukta zile ndizo zinazolipeleka jiwe. Ukienda kuagiza, Saidi alikushika mkono taratibu kama daktari, akakuzungushia uzi kwenye ngumi, akaukata, akautia mfukoni.

"Njoo Ijumaa, inshallah."

Mimi nilimpa mpira wangu wa miguu, mpya, na usiku wa Ijumaa ile nililala na manati chini ya mto.

Mama aliniita Bi Kwanini, na hakuwa akinisifu. Jumamosi moja alinituma nirudishe ungo kwa majirani wa nyuma, kwa kina Kadzo. Baba yake Kadzo alikuwa mchongaji katika karakana ya mafundi walemavu. Kadzo mwenyewe alisoma shule nyingine, tukijuana kwa salamu tu. Nikazunguka uani nikamkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kisu mkononi, rundo la panda za mpera miguuni, na kando yake jiko la makaa lenye msumari uliokuwa mwekundu kama pilipili.

"Hizi za nani?" nikauliza.

"Za Saidi."

"Na anayechonga?"

"Si waniona? Mie."

"Na nukta?"

"Mie pia." Akaushika msumari kwa koleo, akachoma tss, tss, tss. Moshi wa mpera ukanifikia, mtamu.

"Basi ni zako! Saidi mwongo!"

"Punguza sauti. Saidi aleta mpira, aleta wateja, twagawana. Kina Juma wakijua zimechongwa na msichana, watazishika? Nyamaza tu, Mishi. Sikuombi jingine."

Nikaahidi. Wallahi niliahidi, na ahadi yangu ilidumu mpaka alasiri.

Alasiri ile tulikusanyika nyuma ya nyumba ya nyanya, Saidi yupo, na Kadzo amekuja kuchota maji. Juma, aliyekuwa na sauti kuliko akili, akainua manati yake juu. "Ulimwengu mzima hakuna mkono kama wa Saidi!"

"Saidi hajachonga hata kijiti cha meno!" nikapiga kelele. "Anayechonga ni Kadzo!"

Saidi akatazama miguu yake. Kadzo alinitazama mimi, ndoo ikimfurika bila yeye kufunga bomba.

"Ati mwezi mzima natembea na manati ya mwanamke?" Juma akaitupa yake mchangani, mbele ya Saidi. Ikafuata nyingine, na nyingine, mpaka zikawa nane.

"Nirudishie njiwa wangu!"

"Na gololi zangu!"

"Jana zilikuwa zalenga," Saidi akasema kwa unyonge. "Leo zimeingiwa na nini?"

Mimi nilikuwa na furaha ya kupaa. Ukweli umetoka! Nilikuwa nangoja Kadzo anishukuru.

Ndipo nyanya akapiga ukemi. "Uwii! Kifaranga changu!" Kunguru alikuwa ameshapaa nacho. Kadzo aliinama, akaokota manati ya kwanza aliyoigusa, akaokota kokoto, akavuta mpaka sikioni. Paa! Nyoya moja jeusi likaelea hewani, na kifaranga kikadondoka kwenye beseni la nguo za kufua, kimelowa, kinalia, kizima.

Jamani! Wavulana wale wale walijitupa mchangani wakapigania manati walizozitupa. "Hii yangu!" "Yako ina ufa, hii yangu mie!" Juma aliinuka na mchanga mdomoni, ameikumbatia moja kama mtoto mchanga.

"Aliyepiga nani?" nyanya akauliza.

"Kadzo!"

"Kwa manati ya nani?"

Hapo yakatoka majibu manane.

Tangu siku hiyo waliagiza "ya Kadzo yenye nukta tatu", na mpira ukikatika walikwenda kwa Saidi, naye aliufunga upya bila kudai kitu. Kadzo hakunisemesha mpaka shule zikafungwa. Chuo kikuu, nikisomea sheria, nilijifunza kubishana juu ya haki ya mtengenezaji, na kila mara moyoni nilimtetea yeye.

Juzi, baada ya pancha, niliitoa manati yangu sandukuni. Kidole gumba kikalala chenyewe kwenye kishimo kilichochongwa upande wa kushoto. Mimi hutumia mkono wa kushoto. Nikaenda moja kwa moja kwa Kadzo, ambaye sasa ana karakana yake ya samani.

"Ulijuaje natumia kushoto?"

"Mie nikujue wapi? Saidi alifunga fundo kwenye uzi wako. Na alisema ngumi ndogo, lakini wavuta kwa hasira, nikuchagulie panda nene."

Nilisimama kwenye maranda nikiona haya: kumbe Saidi naye alikuwa na mkono wake humo. Siku ile nilitaka hukumu kuliko nilivyomtaka rafiki. Nikamwomba radhi.

Kadzo akapuliza vumbi la mbao mikononi. "Uliuliza sana ni za nani. Hukuniuliza mie nataka ziwe za nani."

Basi nikamuuliza. Akaichukua manati, akapitisha kidole juu ya zile nukta tatu, akaokota kokoto, akalenga kunguru aliyetua ukutani.

"Ngoja kwanza," akasema, "nione kama bado yalenga."