Cansilde Aliyejibu Salamu za Mgombea

Cansilde mwenyewe ndiye aliyenieleza haya, Jumapili iliyopita tulipotoka kanisani, akaniambia niyaandike kama yalivyo.

Asubuhi anapanga sambaza wakavu kwenye meza yake sokoni Mbugangari, mjini Gisenyi, Rwanda. Mkono mmoja unachambua dagaa hao, mwingine umeshika simu sikioni. Siku njema anabaki na faranga elfu tatu. Siku mbaya, anasema, "narudi na harufu tu."

Adui wake alikuwa maji. Magunia yake hulala ndani ya kasha chini ya meza, na mvua ikinyesha, maji ya barabarani yaliingia humo. Sambaza wakilowa hawauziki tena. Msimu uliopita alitupa magunia mawili, karibu mtaji wote.

Basi ukafika uchaguzi wa rais wa koperative, ushirika wa wauzaji wa soko. Bizumuremyi, muuza vitunguu, akagombea. Yeye kampeni yake ilikuwa WhatsApp. Kila asubuhi sauti yake ilifika: "Mama yangu, umeamkaje? Wale wa ofisini wanakalia viti laini, sisi tunakanyaga matope. Soko iko yetu, si ya wakubwa. Mi niko mutoto wako."

Zikafuata picha: Bizumuremyi amebeba gunia, Bizumuremyi anakula maharage na wapagazi.

Sasa, kwao Cansilde salamu haiachwi bila jibu. Kila asubuhi alibonyeza simu akamwambia kwamba ameamka salama, goti linauma kidogo, na mwanangu, maji yameingia tena kwenye kasha, tusaidie tupate mfereji. Hakujua kwamba sauti ile hutumwa mara moja, simu ikaigawa kwa mamia ya watu, na kila mmoja akaiona kama ametumiwa yeye peke yake.

"Leo mutoto wako amekujibu?" Vénantie, muuza nyanya wa meza ya jirani, alimtania.

"Iko na kazi mingi. Atajibu."

"Bon. Hata bwana yangu ananijibu mara moja kwa mwezi."

Siku ya mkutano wa wagombea, Cansilde alimfuata Bizumuremyi mbele ya watu wote, akamshika mkono. "Mwanangu, goti limepona."

Mgombea akatabasamu kwa adabu. "Samahani, mama. We ni nani?"

Watu wakacheka. Cansilde hakukasirika. "Mi ndiye mama yako wa kila asubuhi. Unaniamkia, nakujibu. Donc, yaani hukusikia hata moja?"

Bizumuremyi akamweleza polepole kwamba salamu zile zinaenda kwa watu wengi, na majibu hakuyafungua.

"Basi fungua sasa," akasema Vénantie. "Na yangu iko humo."

Kumbe na yeye alikuwa anajibu. Na wengine wengi.

Mgombea akafungua simu, akaisogeza kwenye kipaza sauti. Sauti za akina mama zikatoka moja baada ya nyingine: bati linavuja, choo kimefungwa, maji, maji tena. Bizumuremyi akasikiliza mpaka mwisho, kichwa chini.

"Hakuwa mutu mubaya," anasema Cansilde. "Alizoea kusema tu."

Jumamosi iliyofuata mfereji ukachimbwa nyuma ya meza za sambaza. Bizumuremyi alishika jembe, matope hadi magotini. Picha ilipigwa, usidhani haikupigwa. Lakini safari hii mfereji upo.

Alishinda. Je, Cansilde alimpa kura? "Kura iko siri," anasema, anacheka. Asubuhi bado wanaamkiana, na sasa hupata jibu, fupi.

Kasha lake limejaa. Mwakani anataka meza ya pili kule soko la Mahoko, aisimamie binti yake Belise.

Jumamosi jioni, kabla ya Jumapili ile aliyonisimulia, mvua ilianza yeye na Belise wakiwa wanamaliza kula. Zamani angejifunga kitenge akakimbia sokoni kuinua magunia. Safari hii aliisikiliza kidogo ikipiga bati, na walipokwenda kulala akamwuliza Belise kama mlango umefungwa. Belise alikuwa ameshalala. Cansilde akaufunga mwenyewe, akavuta blanketi, na mvua ilipozidi hakuisikia.