Nilimshikilia Mkono Ndani ya Taa ya Kucha

Kosa ni langu, na sitafuti wa kunisaidia kulibeba. Mimi ni fundi wa kucha, nina saluni ndogo Ng'ambo, hapa Tabora. Nilimuunguza bibi harusi vidole, kisha nikamsingizia. Wenzangu wa kazi wameniambia ninyamaze. Sinyamazi.

Niwaambie kwanza nilivyokuwa. Ukutani nilibandika maandishi makubwa: ukitaka uzuri sharti udhurike. Mteja akiingiza mkono kwenye ile taa ya kukaushia jeli ya kucha akasema inaunguza, nilikuwa namwonyesha ukuta. Wanacheka, wanauma meno, wanamaliza. Nilijiona mjanja kweli.

Bibi harusi mwenyewe nitamwita Tumaini, ingawa silo jina lake. Kwao na kwetu ni mtaa mmoja, Isevya. Ananiita dada, na alikuwa anaimba kwaya kanisani pamoja na mdogo wangu. Alikuja na shangazi yake mchana wa siku ya sendofu yake, sherehe ya kumuaga kwao, nywele zimeshasukwa, gari linasubiri nje, na simu ya shangazi haikomi kuita.

Alikuwa na kucha za zamani za kubandika. Nilizibandua, nikasaga kucha zake mwenyewe kwa mashine haraka haraka mpaka zikabaki nyembamba kama ganda la kitunguu. Jeli hupakwa kidogo kidogo, tabaka nyembamba juu ya nyembamba, na kila moja inakaushwa peke yake. Najua hivyo, nilifundishwa. Siku ile nikapaka tabaka moja nene kama asali, ili nimalize mara moja, nikamwingiza mkono kwenye taa.

"Dada, inaunguza."

"Vumilia."

"Dada, inaunguza kweli."

Shangazi akadakia: "We mwali, umefundwa wiki nzima, leo unalialia kwa kucha? Ukweni utafanyaje?"

Kwetu binti aliyefundwa halalamiki mbele ya watu. Naijua desturi hiyo, na ndiyo niliyoitumia. Nilimshika kifundo cha mkono nikaukandamiza humo ndani mpaka sekunde sitini zikaisha. Machozi yalimtoka, sauti hakutoa. Shangazi akapiga vigelegele, na mimi nikapiga.

Baada ya siku chache kucha tatu zikaanza kuachana na nyama. Chini pakawa peupe, halafu pakavimba, pakatunga usaha. Wakati huo ameshaolewa, yuko ukweni kwake Chemchem. Mama mkwe wake alipoona vile akanifuata saluni kuniuliza mkwewe ana nini vidoleni. Alikuta wateja watatu wamekaa wanasikiliza.

Nikamjibu: "Ana fangasi, mama. Nilimwona nazo tangu mwanzo, nikamstahi tu."

Hivyo ndivyo nilivyosema, mbele ya watu, kumhusu mtoto aliyeniita dada.

Kuanzia siku hiyo Tumaini hakusonga ugali wala kukata mboga katika nyumba ile. Alitengewa kikombe na sahani yake. Bibi harusi mpya anakaa kwenye kiti, wifi zake wanapika, na hakuna anayemwambia chochote usoni. Mdogo wangu alinisimulia huku analia. Mimi nilisikia, nikaendelea kupaka watu rangi.

Aliyenizindua ni mteja wangu mmoja, mwalimu wa kemia. Aliniuliza kama najua kwa nini jeli huunguza. Nikasema ni ukali wa taa. Akacheka.

"Joto la taa yenyewe ni dogo. Jeli inapoganda ndiyo inayotoa joto, kama chokaa mbichi ukiimwagia maji. Ukipaka nyingi, au taa ikiigandisha upesi mno, joto lote linatoka kwa mkupuo. Na kucha ikiwa imesagwa ikaisha, hakuna cha kulizuia lisifike kwenye nyama."

Sikumwamini. Alipoondoka nilisaga kucha yangu moja mpaka ikawa nyembamba, nikapaka jeli nene, nikaingiza mkono. Nilihesabu mpaka nane nikauchomoa huku natukana. Tumaini alikaa sitini, na mkono wake nimeushika mimi. Nilikaa chini sakafuni nikajichukia.

Nikawaambia mafundi wenzangu kwamba nakwenda kusema. Wakanicheka. "Utafunga saluni. Sema taa ilikuwa mbovu." Taa ni nzima, jamani. Mbovu nilikuwa mimi, na sitamsingizia mtu wala kitu mara ya pili.

Chemchem nilimkuta mama mkwe uani anapepeta karanga. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, na Tumaini yuko mlangoni anasikia.

"Kwa hiyo miezi miwili nimemtengea kikombe mtoto wa watu kwa maneno yako?"

"Ndiyo, mama. Nilisema uongo. Hana fangasi. Nilimuunguza."

Aliweka ungo chini. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Alimgeukia Tumaini akamwambia, "Mama, nenda jikoni ukasonge ugali. Leo tunakula wa mkono wako." Ugali ukaja, wakanawa, wakala wote sahani moja mbele yangu. Mimi sikukaribishwa hata tonge, na kwa watu wa huku hilo ni jibu tosha.

Tumaini hajanisamehe. Ni haki yake, sitamsumbua. Kucha ya kidole chake cha pete inaota imepinda mpaka leo.

Wateja wengine wamenikimbia. Waende. Nimebandua yale maandishi ukutani. Sasa napaka jeli nyembamba, mteja anaingiza mkono sekunde chache, anautoa, joto linapoa, anarudisha. Kucha iliyochoka siigusi kabisa, hata mtu akinisonya. Wanaosema nachelewesha, mafundi wa haraka wako wengi mjini.

Na wewe unayekwenda kutengeneza kucha, usikubali kuambiwa kwamba kuungua ni sehemu ya urembo. Ukisikia moto, chomoa mkono. Fundi akinuna, mwache anune. Shangazi akisema umemwaibisha, mwambie vidole ni vyako.

Natamani Tumaini angenisukuma siku ile. Angemwaga chupa zangu zote za rangi, akaenda kwenye sendofu yake na kucha tano tu, huku akinisema mji mzima. Ningemnunia wiki nzima, halafu ningekuwa bado dada yake.