Sahihi Yangu Kwenye Chesisi

Haya yalinipata mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu. Wanaosema jua la Malaba lilinizidi hawakuwapo. Mimi nilikuwapo.

Nilikuwa ofisa wa forodha hapo Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, enzi ambazo malori ya Kiingereza yalitawala barabara hii: pua ndefu, vyuma vizito, ngurumo uliyoitambua kabla lori halijatokea. Kazi yetu ilikuwa na utaratibu. Ofisa huingia chini ya lori, huweka karatasi juu ya namba iliyochongwa kwenye chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba lori zima, kisha husugua kwa penseli mpaka namba ijitokeze. Siku moja ya mvua sikuingia. Nilimwambia dereva kwamba matope yangeichafua sare yangu, nikainakili namba kutoka kwenye hati, nikatia sahihi. Jioni hiyo chesisi ilikatika mteremkoni, dereva akafa. Hakuna aliyeniuliza lolote.

Mwaka jana Mama Nekesa, mfanyabiashara wa Nambale, alinunua lori la aina hiyo lililopakwa rangi upya. Lilikuwa limeshapakiwa saruji, na kaka yake Wafula ndiye angelivusha kwenda Uganda alasiri ile. Mama Nekesa aliniomba mimi mstaafu nihakiki namba tu.

Nilipofika, nilimkuta mzee mwenye koti la kaki ameketi kwenye usukani.

"Boss," akaniambia bila hata salamu, "leo hujavaa sare. Ingia. Kuna mwenzangu anataka kuondoka na hii gari."

Niamini. Habari ya sare nilimwambia mtu mmoja tu maishani mwangu, naye alizikwa.

Nikaingia chini ya lori. Kando ya namba palikuwa na ufa mrefu kuliko kiganja changu, umezibwa kwa rangi na grisi. Nikaweka karatasi, nikasugua. Ilijitokeza namba ile ile ya siku ya mvua. Na chini yake, imechongwa ndani ya chuma, sahihi yangu. Nani angeichonga? Kwa zana gani?

Nilitoka nikimwita yule mzee kwa mayowe. Mama Nekesa akaja mbio.

"Mzee, unaongelesha nani? Hiyo gari haina mtu! Funguo niko nazo hapa, na Wafula bado anakula."

"Pakueni saruji. Yote."

"Na mteja wangu wa Tororo nitamwambia nini?"

"Mwambie kaka yako yuko hai."

Akainama, akauona ufa. Hakubishana tena; aliwaita wapakuzi.

Niliiandikia ofisi yangu ya zamani, nikakiri kosa na kuomba kumbukumbu zirekebishwe. Nilijibiwa kwamba faili lilikwisha kufungwa, na kwamba wananishukuru kwa utumishi wangu mwema. Utumishi mwema! Tangu siku hiyo, kila nikishika kalamu nitie sahihi, vidole vinanata grisi ambayo hakuna mwingine anayeiona. Hata fomu za hospitali naweka dole gumba, mimi niliyesoma.

Wewe unayeshika muhuri leo, lori likisimama mbele yako, inama uliangalie. Usingoje marehemu aje kukuagiza.