Mara Saba kwa Kila Faili

Kaka yangu ni fundi wa kompyuta, na tangu nimfahamu amechoka. Sitanii. Ukimkuta asubuhi kachoka, ukimkuta jioni kachoka, na ukimuuliza habari za kazi anakujibu "Tunasukuma tu," huku anatafuta miwani iliyo kichwani mwake. Mimi ni mdogo wake, kitinda mimba wa mama. Nakaa meza ya mlangoni napokea wateja, na kwa vile siwezi kuona jambo nikanyamaza, kaka ameniita Bi Mdomo mpaka na wateja wamelishika.

Chumba chetu ni kimoja, nyuma ya duka la vioo. Kushoto zimepangwa kompyuta zilizokufa, kulia zilizo mahututi. Kazi inayotulisha hasa ni kufuta. Ofisi zikitaka kuuza kompyuta zao kuukuu, kaka huzisafisha kwanza, kisha anaandika karatasi kwa mkono: nimefuta mimi mwenyewe, hakuna kilichobaki. Anatia saini. Sifa yake kubwa ni kwamba hasomi. Anageuza uso kama mtu aliyefungua mlango akakuta mwenzake anavaa. Hata kujaribu kama mafaili yamefutika kweli hajaribu, maana kujaribu ni kuyarudisha, na akiyarudisha atayaona. "Ya watu hayanihusu," husema.

Njia yake ni ile aliyofundishwa ujanani, enzi za diski zenye sahani ya kuzunguka. Unaandika takataka juu ya faili, unarudia mara saba, la zamani linafukiwa. Mara saba kwa kila faili, jamani! Ndiyo maana mgongo wake umekwisha.

Siku hiyo, saa nane mchana, aliingia mama mshauri, mteja wetu wa siku nyingi. Kazi yake ni kuwasaidia wanawake waliokimbia waume wanaowapiga, kuwatafutia pa kujificha. Alikuwa anastaafu, na laptopu ya ofisi yake ilikuwa inakwenda mnadani kesho yake.

"Fundi, humu mna kina mama wote," alisema, akiiweka mezani taratibu. "Nani anaishi wapi, watoto wanasoma wapi. Ikimfikia mume mmoja tu, mtu atauawa. Na kuna folda imegoma kufutika. Nimebonyeza mpaka kidole kimeota sugu."

"Itafutika, mama. Kaa."

Haikufutika. Kompyuta ilikuwa inasema folda inatumiwa na programu nyingine. Kaka alifunga programu zote, wapi. Akazima, akawasha, wapi. Mwisho akagundua kuna programu ya kutunza nakala ambayo hakuna aliyekumbuka kuiweka. Ilikuwa inajiamsha yenyewe kila mashine inapowaka na kuing'ang'ania ile folda. Alipoizima tu, folda ikaachia. Kisha akaichomoa diski, akaiunganisha kwa waya kwenye kompyuta yake kama kawaida yake, akaanza mara saba zake. Saa mbili nzima. Mama mshauri alisinzia kwenye kiti chetu kibovu, akashtuka, akasinzia tena.

"Tayari," kaka alisema, akachukua kalamu.

"Jaribu kuyarudisha. Mbele yangu."

Kaka alimtazama kama ametukanwa. "Mama, miaka thelathini na moja nafanya kazi hii."

"Najua, Fundi. Lakini kesho mimi sina ofisi. Leo ndiyo siku yangu ya mwisho ya kuuliza."

"Jaribu bwana," nikadakia. "Kwani utapungukiwa nini?"

Alinitupia jicho, lakini akawasha programu ya kurudisha mafaili. Dakika nne zikapita. Halafu yakaanza kuja, mstari kwa mstari, moja baada ya jingine. Yale aliyoyaandika juu yake hayakuwemo. Yaliyokuja ni nakala zake za nyuma. Kila mara mama mshauri aliporekebisha anwani na kuhifadhi, diski iliweka faili jipya pengine na kuliacha la zamani lilipo. Hizi diski za kisasa, SSD, ndivyo zilivyo. Hazina sahani, zina vyumba vidogo vidogo visivyohesabika, na ukiziambia ziandike hapa, zinaandika kule na kukuitikia sawa bwana. Mama mshauri aliomba lifunguliwe moja. Namba ya nyumba ilikuwemo, na rangi ya geti. Aliketi sakafuni, kiti kiko pale pale.

Kaka alivua miwani, akafuta jasho, akampigia fundi mwenzake wa mtaa wa pili. Nilimsikia anauliza kwa sauti ya mwanafunzi, na roho iliniuma. Alijibiwa kwamba diski za namna hiyo zina amri yake ya kujifuta zenyewe, inayomwaga vyumba vyote kwa mpigo, na kwamba asitumie ule waya, airudishe diski ndani ya mashine. Akairudisha. Amri ikakataliwa, kwa sababu diski hujifunga mashine inapowaka, mpaka kompyuta ilazwe kidogo na kuamshwa.

"Afadhali yeye analazwa," kaka alisema. Hatukucheka.

Ilipoamka akatoa amri. Nusu dakika! Nilitaka kulia kwa hasira. Miaka sita SSD zimejaa mjini, na mwanamume huyu anajivunja mgongo kwa kazi ya nusu dakika, tena kazi yenyewe haifanyiki. Akajaribu kuyarudisha mafaili mara mbili. Hola, hata harufu.

Mama mshauri aliinuka, akamshukuru Mungu, akamshika kaka mkono kwa mikono yake miwili. "Haya, niandikie karatasi yangu nikapumzike."

Kaka aliandika neno moja, akaiweka kalamu chini. Angeweza kunyamaza. Mimi, nasema ukweli, ningenyamaza.

"Mama, zile tatu ulizoleta mwaka juzi nazo zilikuwa SSD. Nilizifuta hivi hivi, kwa mara saba. Na saini nikatia."

Hakupiga kelele, ingawa nilitamani apige. "Zilishauzwa," alisema.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Basi niwapigie wahame. Leo leo." Akatoa simu mkobani, akaishika, akatulia. Ofisini kwao ilikuwa marufuku kuweka namba za wale wanawake kwenye simu, mtu asije akakupora. Namba zote zilikaa mahali pamoja tu. Macho yake yakaiendea ile laptopu.

"Na wa zile tatu?" niliuliza. Jibu nilikuwa nalijua, ila mdomo wangu ndio huo.

"Nilihamishia humo humo."

Kaka alimsogezea kiti na karatasi. Mama mshauri alifumba macho, akaanza kuzitafuta namba kichwani, anaandika, anakata, anaandika upya. Kaka alisimama nyuma yake, hajui mikono aiweke wapi. Mpaka duka la vioo linafungwa alikuwa amewakumbuka wanne. Walikuwa kumi na tisa.