Mupishi na uma yake

Yule mupishi wa mutaa wetu wa Makomeno alikuwa anapiga koti yake nyeupe pasi mpaka nzi zinateleza juu yake na kuvunjika miguu. Batoto ya kuenda sekondari kwa masista, kule kwa kulala, ni yeye alikuwa anabafundisha kukula bukari, ugali yetu, na uma. Honorine alikuwa mumoja wa bale batoto, na mama yake alikuwa na woga.

"Benzake bakimucheka kule, huyu atatoroka masomo."

Siku ya kwanza kipande ya bukari kikaruka toka kwa uma mpaka kwenye koti nyeupe. Mupishi akapangusa pole pole, na kidole kimoja. "Yote ianguke hapa kwangu, mama."

Siku ya kumi Honorine akamaliza sahani, mama yake akapumua. Mupishi akafunga uma ndani ya kitambaa, akanawa mikono, akasogeza bukari ingine.

"Sasa kula na mukono, Honorine. Vakansi, masomo ikifungwa, utarudia kwa mama yako."